Aliyetazama Badala Yangu

Mwalimu hakukupa mkono ukimkuta kazini. Ukinyoosha wako, yeye alikupa kiwiko, kisha akaenda kwenye karai lililokuwa nyuma ya mlango, akanawa mpaka juu ya viwiko kama daktari, akajifuta kwa kitambaa chake mwenyewe, ndipo akarudi kukusalimia upya kana kwamba ndio kwanza umeingia. Wageni walisema ana majivuno. Mimi pia nilisema, na nilifurahi kusema, kwa sababu nilikuwa nimetafuta kasoro zake kwa miaka mingi na sikuwa nimepata nyingi.

Afadhali niseme hili mapema, ili msomaji asije akanidhania mema nisiyo nayo. Nilimwonea wivu Mwalimu, mwanamke mwenzangu. Nilimwonea alipokuwa na nguvu, nilimwonea alipougua, na siku tulipomzika mwaka huu, kabla mvua hazijaanza, nilisimama nyuma ya wanawake wa kanisa nikamwonea wivu akiwa ndani ya jeneza. Waliomsifu walisema alifundisha vizuri, hakuchelewa, aliimba sauti ya pili. Hakuna aliyetaja kazi ya miaka yake ya mwisho. Nadhani hawakujua waiite nini. Mimi naijua kwa sababu ilimgusa mwanangu, na kwa kuwa hakuna mwingine aliyeisema, nitaisema mimi, ingawa niliishia darasa la saba na kalamu yangu haina mbio.

Mwanangu aliitwa Mutwiri. Mwalimu alimpokea darasa la nne, hapa Kiirua, na tangu siku hiyo nikawa nagawana naye mtoto. Mimi nilikuwa nikichemsha maji ya kunywa tangu kabla Mutwiri hajazaliwa, naye alikuwa akiyakataa, akisema yananuka moshi. Siku moja akatoka shule, akaketi, akasema, "Mama, inafaa tuwe tunachemsha maji."

"Nani amesema?"

"Mwalimu."

Akanywa kikombe kizima, moshi na yote, akanitazama kana kwamba mimi ndiye niliyejifunza kitu. Ikawa hivyo kwa kila jambo. Mwalimu amesema tulale dirisha likiwa wazi kidogo. Mwalimu amesema kutojua si ujinga, ujinga ni kukataa kuuliza. Mimi nilikuwa nimeyasema hayo yote. Lakini nilikuwa nimeyasema kwa Kimeru, nikiwa nimeinama shambani, na maneno ya mtu aliyeinama hayana uzito.

Alipostaafu akahamia Embu, kwenye nyumba ya mawe mtaa wa Majimbo, nami nikamshukuru Mungu. Nilidhani sasa mtoto atarudi kuwa wangu mzima.

Huko Embu kulikuwa na kijana aliyeitwa Njeru, fundi wa kompyuta, aliyekuwa ameanzisha mtandao wake wa video. Kuna ule mtandao ambao dunia nzima inautumia. Huo tuliuita Mkubwa. Wa Njeru tukauita Mdogo. Njeru aliuanza kwa hasira. Dada yake alipoletewa mahari, Njeru alipiga video mbuzi akichinjwa na wazee wakigawa nyama kwa taratibu yake, kila mtu na kipande kinachomfaa, akaiweka kule Mkubwa. Mashine ya Mkubwa ikaiondoa, ikasema ni ukatili. Akaweka kwaya ya kanisa lao ikiimba, mashine ikaifunga sauti, ikasema wimbo una mwenyewe. Akalalamika, akajibiwa na mashine nyingine. Hakukuwa na mtu kule aliyejua kwamba mbuzi wa mahari hachinjwi mafichoni. Basi Njeru akajenga wake, akatangaza kwamba pale hakuna atakayezibwa mdomo.

Watu wakaja. Walikuja wenye kwaya na wenye mbuzi, na wazee wa Mbeere na ngoma zao. Nyuma yao wakaja wale ambao Mkubwa aliwafukuza kwa haki kabisa: muuza dawa aliyewaambia wagonjwa wa sukari watupe dawa za hospitali, wanasiasa wadogo wa kutukana koo za wenzao, watu waliopiga video mwizi wa kuku akichapwa na umati mpaka akaacha kusogea. Wote walisema wamenyamazishwa. Baadaye Mwalimu alikuwa na neno lake kwa watu hao: "Kukataliwa kule si cheti cha ukweli."

Njeru alimwendea kwa kuwa alikuwa amefundisha pande zote, Meru, Embu na Mbeere, na aliyaelewa matusi ya lugha zote tatu, hata yale yaliyovalishwa nguo za methali. Mutwiri ndiye aliyenisimulia walivyoongea.

"Mwalimu, mimi nilitaka tu watu wawe huru," Njeru alimwambia.

"Na wamekuwa huru. Wamekula, wamemwaga. Sasa unatafuta wa kuosha vyombo."

"Si hivyo, Mwalimu."

"Ni hivyo. Haya, vyombo viko wapi?"

Ofisi ilikuwa chumba kimoja juu ya duka la mbegu. Mwalimu alikaa hapo na miwani yake miwili, mmoja juu ya mwingine, akitazama kila kilicholetwa kabla hakijaonekana na watu, na vile vilivyopenya akavitazama baada ya watu kulalamika. Kule Mkubwa, video yako ikiondolewa huambiwi na mtu. Mwalimu alipiga simu. Hiyo ndiyo ilikuwa namna yake ya kufanya kazi, na Njeru alilia kwamba ni polepole mno, lakini hakuweza kumbadilisha. Mtu mmoja wa huku kwetu, mwendesha boda, aliweka video ya kijana akipigwa kwa sababu ya kuiba betri. Simu ikalia akiwa stendi, wenzake wakasikia yote.

"Ni Mwalimu hapa. Keti."

"Mwalimu, niko kwa pikipiki."

"Basi simama kando. Fungua hiyo video yako. Tuitazame pamoja, wewe huko, mimi huku. Umeona hapo? Huyo aliyelala chini, mama yake akiiona?"

"Lakini Mwalimu, huyo ni mwizi!"

"Sikuuliza kazi yake."

Yule wa boda aliifuta mwenyewe, na wenzake wakamtania mwezi mzima. Wakimwona wanamwambia, "Keti!"

"Kazi yangu ni kuchambua maharagwe," Mwalimu alipenda kusema. "Tofauti ni kwamba haya mawe, ukiyatoa, yanakupigia simu kuuliza kwa nini."

Lile swali lake, mama yake akiiona, likajulikana. Watoto wa shule walilisema wakicheza. Mimi nililichukia. Mwalimu alikuwa na watoto watatu, wote mbali, waliompigia simu Krismasi na siku ambazo walikuwa wamekosana wao kwa wao. Nilijiuliza nani alimpa ruhusa ya kusema kwa niaba ya akina mama wote wa kutoka Kiirua mpaka Mbeere, ilhali wake mwenyewe hawakumtembelea. Najua si swali la mtu mwema. Lakini nililiuliza, tena mara nyingi, nikiwa napalilia.

Kasoro alikuwa nazo, kumbe, na Mutwiri aliniletea kama zawadi. Yule muuza dawa wa sukari, Mwalimu alizitoa video zake kila alipozirudisha, akampigia simu, akamwita muuaji wa polepole. Siku moja Mutwiri akaona chupa ya kijani chini ya meza ya Mwalimu.

"Mwalimu, si hii ni ya yule jamaa?"

"Hiyo ni ya magoti. Magoti si sukari."

"Na inasaidia?"

"Haisaidii. Nyamaza."

Jambo jingine ni kwamba mwanamke huyo aliyetazama mabaya ya watu siku nzima, akifika nyumbani alitazama video tena, za kwake. Alitazama trekta. Trekta zikilima, zikikwama, zikivutwa, wazungu wanene wakibadilisha magurudumu. Alikuwa hajawahi kupanda trekta maisha yake. Alisema inamtuliza kuona kitu kikubwa kimekwama halafu kinatoka. Nilicheka niliposikia. Halafu nikakasirika, kwa sababu mwanangu aliyasimulia hayo kwa sauti ambayo mtu husimulia mambo ya kwao.

Jinsi Mutwiri alivyofika ofisini pale, nilijulishwa kwa simu. Wakati huo nilikuwa na kabambe, simu ya vitufe isiyoonyesha video. Nilikuwa nashona midomo ya magunia ya waru, viazi vyetu vya huku, wakati Mwalimu aliponipigia.

"Mama Mutwiri, umeamkaje?"

"Salama, Mwalimu. Kuna shida?"

"Hakuna shida. Ni hii video ya kijana wako. Amejifunga leso kichwani, anakuigiza ukigombana na wanunuzi juu ya lumbesa. Anachekesha, aki, nimecheka mpaka nikavua miwani. Lakini nimemwambia haionekani na watu mpaka wewe ukubali."

Lumbesa ni gunia linalojazwa mpaka linaota kichwa cha pili juu, na mnunuzi analilipia kama gunia moja. Ni kweli nilikuwa nagombana. Lakini sikulijua hilo jambo lingine.

"Video gani, Mwalimu?"

Nikasikia kiti kikilia upande wake. "Kumbe hajakuambia," akasema, kwa upole, na upole huo ndio ulionichoma.

Nikasema iwekwe. Mutwiri, ambaye alikuwa akisafiri na lori la waru kutoka huku mpaka Embu na kupita ofisini kwa Mwalimu, aliporudi, nilimngoja mlangoni.

"Kwa nini hukuniambia unafanya mambo ya video?"

"Si ungekataa, mama."

"Na Mwalimu ulimwambia."

"Mwalimu lazima aione. Ni kazi yake."

"Na mimi kazi yangu ni gani?"

Akaweka mkono kiunoni, akakunja midomo, akasema kwa sauti yangu kabisa, "Na mimi kazi yangu ni gani?" Nilicheka mpaka nikashika mlango. Hivyo ndivyo alivyonishinda kila wakati. Watu walimpenda kwa video hizo. Wanawake wa sokoni Embu walimwita Mama Lumbesa, wakamjazia embe kwenye lori. Na kila alipotengeneza mpya, aliyeiona wa kwanza alikuwa Mwalimu. Mimi niliiona baadaye, kwenye simu ya jirani, kama watu wengine wote.

Nimesema Mwalimu hakukosea sana. Alikosea mara moja vibaya, na kosa lilitoka mahali ambapo mtu wa nje asingekosea. Ulikuwa msimu wa tohara, shule zimefungwa. Vijana waliotahiriwa hukaa peke yao kwenye kibanda mpaka wapone, na mwanamke hafiki hapo. Zikaanza kuja video kutoka kwenye vibanda. Mwalimu hakuzifungua. "Hapo si pangu," alimwambia Njeru kwa simu. "Ni mugiro." Mugiro ni mwiko wetu, ule ambao ukiuvunja unabeba uchafu usioonekana mpaka utakaswe. Yeye aliimba kanisani, aliwacheka waganga, lakini macho yake yalikataa kuingia kwenye kibanda cha wavulana. Njeru alikuwa safarini. Basi Mwalimu akampa mlinzi wa duka la mbegu, mzee wa rika lake, azitazame kwa niaba yake.

Mzee alitazama, akacheka kidogo. "Ni vijana wanafunzwa adabu," akasema. "Hata sisi tulipita hapo."

Zikapita. Moja ilikuwa ya mvulana kupigwa fimbo na waliomtangulia, akiomba, nao wakimtaka aombe vizuri zaidi. Mlinzi hakudanganya. Aliona alichokizoea. Video ikatembea likizo nzima. Mama wa yule mvulana aliiona sokoni, kwenye simu ya mtu aliyekuwa akicheka, akapanda gari mpaka Embu, akapanda ngazi mpaka juu ya duka la mbegu. Mutwiri alikuwepo siku hiyo. Alisema mama yule hakutukana. Aliweka kikapu chini, akauliza, "Wewe uliiona?"

"Sikuiona," Mwalimu akasema.

"Basi ulikaa hapa kulinda nini?"

Tangu siku hiyo Mwalimu alitazama kila kitu. Cha wanaume, cha wanawake, cha wafu, vyote. Alikataa kumwachia mtu mwingine hata Njeru. Na karai likawekwa nyuma ya mlango siku zizo hizo. Nilimuuliza mara moja, kwa kumchokoza, kama Mkristo ananawa mugiro.

"Siamini hayo," alinijibu, akijifuta. "Lakini mikono haijui kwamba siamini."

Lori la waru lilikosa breki kwenye miteremko ya barabara ya Meru na Embu. Sitaeleza zaidi kuhusu lori. Nilipofika hospitali, mwanangu alikuwa tayari amepelekwa kule nyuma ambako hospitali huwapeleka wasioamka. Nilikunja leso yake nikaiweka kifuani, nikarudi nyumbani kutafuta mahali pa kumlaza.

Watu walikuwa wamepiga video. Nilitambua kwa jinsi simu zilivyozimwa nikiingia mahali. Ninaingia dukani, simu inageuzwa uso chini. Ninaingia kanisani, wanawake wanazitia kwenye mikoba. Kabla hatujamzika, Mwalimu alinipigia.

"Mama Mutwiri, usikubali mtu akuonyeshe simu yake. Umenisikia? Yeyote. Huku kwetu ninaitoa."

"Unaitoa nini?"

"Ninaitoa," akasema tena, akakata simu.

Kwenye mazishi walimpa kiti safu ya familia. Alisimama akazungumza, na alizungumza vizuri, akakumbuka hata maji ya kuchemshwa. Watu walilia kwa maneno yake. Mimi nilikaa mikono mapajani, na waombolezaji waliokuja kutoka Embu walimpa Mwalimu pole kwanza, kisha wakauliza mama mzazi ni yupi.

Mwaka ulipozunguka, Njeru alikuja kwetu kutuona, akaleta sukari na majani ya chai. Ni kijana mnyoofu. Nilimuuliza kama ile video ilikwisha.

"Haijaisha, mama. Wanairudisha. Wanakata mwanzo, wanageuza kulia iwe kushoto, wanaweka wimbo juu yake, mashine inadanganyika. Mwalimu hadanganyiki. Anaitambua ikianza tu. Lakini lazima aitazame yote, ndio awe na hakika."

"Ameitazama mara ngapi?"

"Sijui, mama. Nilimwambia anipe mimi. Alikataa kabisa."

Kisha akanieleza, akidhani ananituliza, kwamba nakala moja imefungiwa ofisini, ili mashine iwe inaifananisha na zinazokuja, na kwamba kuifungua anaweza Mwalimu peke yake.

Nilijua ninachopaswa kuhisi. Jirani yangu aliyekuwepo alifuta machozi, akasema, "Huyo mwanamke amekubebea msalaba." Nami nikatikisa kichwa kukubali. Lakini kilichonijaa hakikuwa shukrani. Mimi nilimbeba tumboni, nikamlea kwa waru na maji ya moshi, na siku alipoondoka sikuwepo. Yule alikuwepo. Tena hakuwepo mara moja tu, alikuwepo kila mara watu walipoirudisha. Alikuwa amekaa na mwanangu katika dakika zile mpaka akazizoea, nami hata sikujua mtoto alikuwa ametazama upande gani. Nilitaka kitu kimoja tu tangu hapo. Nilitaka kuiona.

Ilinichukua muda kupata ujasiri. Nilipokwenda Embu, Mwalimu alikuwa ameanza kuugua, amekonda, sweta limekuwa kubwa. Alikuwa peke yake ofisini, saa nne asubuhi, jua limejaa chumbani. Sikumsalimia vizuri.

"Nimekuja kuiona."

"Nilijua utakuja. Keti, Mama Mutwiri."

"Sikai. Umeiona wewe. Wameiona watu wa mbali wasiojua hata jina lake. Mimi ndiye sijaiona."

"Ni kweli."

"Kwa nini wewe?"

"Kwa sababu lazima mtu mmoja aione ndio wengine wasiione."

"Basi ungeniita mimi."

"Ningekuita kwa jambo kama hilo, ningekuwa mtu gani?"

"Mtu anayejua mtoto ni wa nani."

Neno hilo lilimwingia. Alivua miwani yote miwili, akaishika mkononi. Chini, mtu alikuwa akibishana na mwenye duka juu ya mbegu za kabichi.

"Sitakuzuia," akasema mwishowe. "Nikikuzuia nitakuwa nimekunyang'anya mara mbili. Ukisema fungua, nitafungua. Lakini niulize kwanza. Nitakujibu kila kitu kama kilivyo. Ukishaiona, hutaweza kuitoa kichwani. Mimi ninayekuambia nimejaribu."

Nikaketi. Maswali niliyokuwa nayo njiani yote yaliondoka, likabaki moja.

"Alikuwa peke yake?"

"Hapana. Wengi walikuwa wanaokota waru zilizomwagika, sitakuficha. Lakini kuna mama mmoja aliacha kuokota. Alipiga magoti, akamwekea kichwa mapajani."

"Ni nani?"

"Simjui. Nimemtafuta mpaka masoko ya huko, sijampata."

"Mutwiri alisema kitu?"

Mwalimu alinitazama, na niliona alikuwa amelingoja swali hilo kwa muda mrefu na kuliogopa. "Alisema. Fahamu zilikuwa zinamwacha. Alidhani yule mama ni wewe. Akamuuliza, 'Mama, umemfunga ndama?'"



"Na yeye akasema nini?"

"Akamwambia, 'Nimemfunga. Lala.'"

Hapo nikajua kwamba wivu hauna mwisho. Nilikuwa nimekuja na wivu wa mwanamke mmoja, nikapata wa pili. Mtu asiyejua jina la mwanangu alikuwa amejibu mahali pangu, na alijibu vizuri kuliko ambavyo ningejibu mimi, maana mimi ningepiga kelele.

"Nionyeshe huyo mama," nikasema. "Huyo tu."

Mwalimu alifungua. Kabla picha haijatokea aliweka kiganja chake kwenye kioo, upande wa chini, kikafunika nusu. Nikamwona mwanamke mwenye kitambaa chekundu kichwani na aproni ya sokoni, ameinama, anapangusa kitu ambacho sikukiona. Nyuma yake waru zilikuwa zinabingirika. Nikasikia sauti ya mwanangu, ndogo, ikiuliza. Nikasikia yule mama akijibu. Mkono wa Mwalimu haukusogea.

"Nitoe mkono?" akauliza.

"Acha hivyo."

Picha ikaisha. Alisema nikitaka anaweza kuifuta hata ile nakala, iwe imekwisha kabisa kwao, ingawa zikija nyingine mashine haitakuwa na cha kuzifananisha nazo. Nikamwambia asiifute. Akaitikia kwa kichwa. Kisha akauliza kwa haya, kama mwanafunzi aliyeogopa kunyoosha mkono.

"Mama Mutwiri, kuna jambo nimejiuliza kila ninapoitazama. Yule ndama. Alikuwa amefungwa kweli?"

Nikamtazama. Kwa miaka yote niliyomjua, hilo lilikuwa jambo la kwanza la mwanangu ambalo Mwalimu alikuwa halijui. Alikuwa ameisikia sauti yake ya mwisho mara nyingi kuliko mtu yeyote duniani, na hakuijua maana yake. Ningeweza kunyamaza. Ningeweza kurudi nalo Kiirua, nikazeeka nalo, liwe langu.

"Hapana," nikamwambia. "Alikuwa ndama mwekundu, ana tabia ya kukata kamba na kunyonya mama yake usiku. Asubuhi Mutwiri akipanda lori alipaza sauti kule juu, mama, umfunge. Nikamfunga. Akakata. Saa hiyo unayoiona hapo, mimi nilikuwa kwenye shamba la jirani na kamba mkononi, namtafuta, na nilikuwa namtukana Mutwiri kwa kuninunulia mnyama mkorofi hivyo."

Mwalimu alicheka kwanza. Kisha akaweka kichwa chake juu ya meza akalia kwa sauti, nami nikakaa karibu naye, nikamweleza ndama alikuwa na alama gani.